Uso Niliompa Mtoto wa Mfalme

Jumanne, 14 Januari

Darasa la uchoraji. Theluji imefika magotini pale kituoni, basi la barabara ya Sheppard limechelewa kama kawaida yake, vidole vimekufa ganzi kabla sijashika brashi. Mwalimu Lin kaleta picha za kunakili, zimechapwa kwenye karatasi ngumu. Zote za mchoraji mmoja, Mhispania wa zamani aliyekaa kasri akichora mfalme, malkia, watoto wao na mbwa wao. Jina lake refu, limenishinda. Kwangu ni Mhispania, basi.

Nilitaka malkia. Bibi Mfilipino wa meza ya mbele kamnyakua malkia kabla sijavua koti. Mimi nimebakiwa na mtoto.

Sikumtaka, na sasa sitaki mwingine. Mtoto wa kiume wa miaka kama miwili, lakini kavalishwa gauni jekundu na aproni nyeupe juu yake. Ndivyo walivyowavisha, anasema Mwalimu. Mkono mmoja kauweka juu ya kiti kidogo. Kitini kalala mbwa mdogo. Nyuma giza, na mlango uko wazi. Uso mweupe kama unga. Macho ya mtu mzima aliyeletewa habari mbaya.

Kwenye aproni vimening'inia vitu: kengele, kikono cheusi, kijiwe cha rangi ya asali. Mwalimu akaanza kueleza ni nini. Mimi sikungoja nielezwe. Hirizi hizo. Mama yangu kule Tanga alitufunga zinazofanana nazo sote, mkononi na shingoni, mpaka tukaanza shule. Mtoto wa mfalme mzima, na anaogopewa jicho la husuda kama sisi wauza vitambaa.

Jumatano, 15 Januari

Nimeanza. Chumba changu ni besmenti, ile ghorofa ya chini ya ardhi, ya nyumba ya mwanangu Abbas, hapa mtaa wa Agincourt. Dirisha liko juu, linaonyesha theluji na magurudumu ya gari. Turubai nimeliegemeza kwenye kabati la nguo. Ghorofani wanakaa Abbas, mkewe Sakina na Raza wangu, ambaye Machi atatimiza miaka mitatu.

Daftari naliacha wazi mezani bila wasiwasi. Sakina kazaliwa hapa, wazazi wake wa Mombasa. Kiswahili anakisema vizuri tu, kukisoma hana subira. Kikachi chetu, lugha ya wazee wetu, ni cha kusema, hatukiandiki. Kwa hiyo naandika nipendavyo.

Kiti kimepinda. Mbwa anafanana na kandambili.

Jumamosi, 18 Januari

Nimepata wazo. Nampa mtoto wa mfalme uso wa Raza. Siku yake ya kuzaliwa ajione amevaa gauni la kifalme. Abbas atacheka mpaka alie. Sakina atasema asante Mama, kwa ile sauti yake ya kazini. Ni mfamasia, anaongea nami kama nimekuja kuchukua dawa ya presha.

Hirizi nimeziacha. Kwanza ni ndogo mno, macho yangu hayaziwezi. Pili zinachafua aproni, na aproni ndiyo kitu pekee kilichonitoka vizuri. Tatu, Sakina. Raza alipokuwa mchanga nilimtia doa la wanja nyuma ya sikio. Akalifuta kwa kitambaa mbele yangu. Sitaki tena hayo.

Jumanne, 21 Januari

Uso umekuja haraka mno. Mhispania alinipa umbo la kichwa, mengine yote yamekuja yenyewe: pua ya Raza, mdomo wa Raza, ule uwazi kwenye nyusi alipogonga meza. Mwalimu Lin kasimama nyuma yangu muda mrefu. Akauliza ni nani huyu. Nikamwambia mjukuu wangu. Akasema nimepata mkono. Bibi Mfilipino kasikia. Malkia wake ana shingo kama ya bata. Nimevimba kichwa mpaka nyumbani.

Mchana Raza kashuka ngazi kwa makalio, ndiyo staili yake. Kasimama mbele ya picha. Sikumwambia kitu. Hakucheka. Akaweka mkono juu ya kiti changu, vilevile kama yule wa kwenye picha, akatazama. Kisha akasema mtoto anasikia baridi. Alisema kwa Kiingereza. Kiswahili anaelewa chote, kujibu hajibu.

Nikamwambia, "Huyo ni wewe, baba." Akatikisa kichwa.

Ijumaa, 24 Januari

Nimeituma picha kwenye grupu la familia.

Nyumba hii ina sheria. Picha ya Raza haiendi popote bila ua juu ya uso, lile ua la njano la kwenye simu. Sakina anaweka ua kwa sababu ya wezi wa mtandaoni. Mimi naweka kwa sababu ya jicho. Ni jambo pekee tulilokubaliana mimi na yeye tangu aolewe.

Lakini hii si picha ya simu. Ni rangi kwenye turubai. Ni mtoto wa Hispania mwenye pua yetu. Sikuweka ua.

Sifa zimemiminika. Dar, Tanga, Leicester, Dubai. Mzuri kama mtoto wa mfalme! Macho hayo! Binamu Gulshan kaandika angekuwa karibu angemla. Mwingine kaandika kazidi uzuri, kama si wa dunia hii. Sijasifiwa hivi tangu harusi yangu. Nimesoma zote, nikarudia kuzisoma. Sakina hakuona, kalizima grupu hilo zamani, anasema lina makelele. Abbas kaweka kidole gumba, huyo hata ukituma tangazo la msiba anaweka kidole gumba.

Jumapili, 26 Januari

Raza anakohoa. Si kitu. Watoto wote wa chekechea yake wanakohoa.

Baada ya chai nimerudia zile sifa kwa mara nyingine, na safari hii mwili umenisisimka. Watu wote hao na hakuna hata mmoja aliyesema Mashallah. Wangemwona Raza mwenyewe wangesema kabla hawajafunga mdomo. Wamesifu picha, na nani anaisemea picha Mashallah? Lakini uso ni wake. Nimewapa uso wake waule, bila ua, bila uzi, bila hata doa la wanja.

Nimefuta ujumbe. Wote wameshaona.

Jumanne, 28 Januari

Asubuhi niliitazama picha kabla ya kuitia kwenye mfuko. Mashavu mekundu. Mimi sikuyapaka. Niliyaacha na weupe ule wa Mhispania, nikipanga kuyamalizia leo. Nikagusa. Kidole kikatoka na rangi mbichi. Rangi hizi hukauka kabla chai haijapoa, na uso huu sijaugusa tangu wiki iliyopita.

Darasani Mwalimu Lin kaeleza kwa nini wale watoto walichorwa mara kwa mara. Wafalme wale walioana ndugu kwa ndugu, na jamaa wengine walikaa mbali, Vienna huko. Picha zilifungwa, zikapelekwa, ili shangazi na wajomba waone watoto wanavyokua. Wote darasani wakacheka, wakasema kama sisi na simu zetu. Mimi sikucheka.

Bibi Mfilipino akauliza mtoto wangu alikuja kuwa mfalme gani. Mwalimu akasema hakuwa mfalme. Hakufika miaka minne. Alisema hivyo kama anayetangaza hali ya hewa.

Nikauliza, na hirizi zote zile? Akainua mabega.

Nimekusanya vitu vyangu nikaondoka kabla ya wakati. Kwenye basi nilikuwa na wazo moja tu. Yule alikuwa nazo, na hakupona. Wangu sikumchorea hata moja.

Alhamisi, 30 Januari

Raza ana homa. Sakina kampeleka kwa daktari. Kirusi cha kifua, wamesema, kiko kila mahali, maji mengi, apumzike. Midomo yake imekuwa myeupe. Nimemshika mkono nikaogopa ulivyo mkavu.

Nimejaribu kuzichora hirizi. Nimechanganya nyeusi nzito, nikaweka kikono kifuani. Kikateleza. Rangi imeshuka juu ya aproni kama maji juu ya nailoni, ikadondoka sakafuni. Nimejaribu kengele. Vilevile. Nimejaribu tone moja tu, kama wanja, nyuma ya sikio. Limekaa muda wa pumzi moja, kisha limeshuka. Aproni haina hata doa. Ni nyeupe kuliko nilivyoipaka.

Mashavu yanang'aa.

Naogopa. Sina wa kumwambia ndani ya nyumba hii.

Ijumaa, 31 Januari

Leo nimefanya ambalo nimelifanya kwa wanangu wote. Sakina yuko kazini, Abbas kaenda Brampton, kampuni yake ina maghala huko. Nikachukua pilipili kavu na chumvi ya mawe, nikazizungusha juu ya kichwa cha Raza, nikazitupa kwenye sufuria ya moto. Pilipili ikikukereketa, mtoto hana kitu. Isipokukereketa, katupiwa jicho.

King'ora cha moshi cha nyumba hii kinalia hata kwa mkate uliozidi dakika. Nilikuwa nimeandaa taulo la kukipepea.

Hakikulia. Moshi umejaa jiko zima na king'ora kimya. Mimi sikukohoa. Raza, mwenye kifua kibovu, hakukohoa. Alinitazama tu katikati ya moshi, ametulia, mkono juu ya kiti.

Sakina karudi mapema. Kaona sufuria.

"Mama, mtoto hapumui vizuri na wewe unamwashia moshi? Serious, Mama?"

Kamchukua Raza mikononi mwangu akapanda naye juu. Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningekuwa mimi ningemfukuza mama mkwe kama mimi.

Jumapili, 2 Februari

Wamemlaza hospitali. Hewa ya oksijeni. Abbas kapiga simu, sauti yake ya utotoni imerudi. Sijaisikia tangu baba yake afariki.

Wao wako huko, mimi niko hapa na yule.

Mtoto wa kwenye picha kanenepa. Najua ninachokiandika. Kidevu kimejaa, vidole juu ya kiti vimejaa. Hata mbwa wangu aliyefanana na kandambili sasa anafanana na mbwa. Nimeigeuza picha ikatazama ukuta. Nikaanza kusali adhuhuri, nikasikia kitu kikikwaruza turubai kwa upande wa pili, taratibu, kama kucha. Salamu ya mwisho sijui niliitoa vipi. Nimeigeuza tena. Afadhali nimwone.

Nilichukua kisu cha jikoni. Nilikifikisha mpaka karibu na shavu. Kisha nikafikiria, ni shavu la nani hili? Nikakirudisha kisu jikoni.

Nimempigia dada yangu Zehra, Dar. Nimemwambia yote. Yeye ndiye aliyebaki na akili ya mama yetu.

"Usichane! Usichome! Una wazimu? Uso wa mtoto huo. Uso haukatwi, unafunikwa."

"Nifunike na nini?"

"Na rangi, si ndiyo uliyomtoa nayo kwa watu? Lakini mama yake awepo, dada, na aridhie. Mtoto ni wake. Ulimtoa bila kumuuliza."

Zehra hana haya, husema tu.

Jumatatu, 3 Februari

Hakuna mabadiliko. Nimesali, nimepika, hakuna wa kula. Sijamwambia Sakina. Nimwambie nini kwenye simu, na yeye amekaa anahesabu pumzi za mwanawe?

Jumatano, 5 Februari

Wamemtoa kwenye oksijeni. Alhamdulillahi. Nimelia peke yangu jikoni, nimelia vizuri.

Abbas anasema ila hali chakula. Hata biskuti anageuza uso. Damu nzuri, kifua kinasafika, madaktari hawaoni kitu. Hataki kula tu, na hana rangi.

Mimi naiona rangi yake iliko.

Ijumaa, 7 Februari

Raza yuko nyumbani. Nimempakata. Mwepesi kama mto wa kochi. Nimemwimbia, kanitazama kwa adabu kama mgeni. Nimempikia khichri laini ya mchele na dengu yenye samli, chakula chake. Kafunga mdomo.

Alasiri Sakina kashuka kwangu. Hajashuka tangu mwaka uanze. Kakaa ukingoni mwa kitanda na sare yake ya kazini, nywele hajachana. Mara ya kwanza nimeona kwamba ni msichana tu.

Akasema kuna kitu anataka kuniuliza na nisimcheke. Hospitali Raza alikuwa anaongea na kiti. Kile kiti cha wageni pembeni ya kitanda. Alisema kuna mtoto amesimama pale, kaweka mkono. Sakina alidhani ni homa. Lakini homa ilishuka na mtoto hakuondoka.

"Na jana ananiambia, Mummy, hasikii baridi tena. Nikamuuliza nani? Akasema yule wa kwa Dadi." Dadi ni mimi, bibi yake.

Nikasimama. Nilikuwa nimeitupia picha khanga. Nikaitoa.

Sakina hakuwahi kuiona. Kaitazama muda mrefu bila kusogea. Akaona nyusi, akaona pua. Akauliza kitu kimoja.

"Mashavu ulipaka wewe, Mama?"

"Hapana."

Nikamweleza yote. Hirizi nilizoziacha na kwa nini. Grupu. Sifa. Rangi inayoteleza. Maneno ya Zehra, hata yale ya kunichoma. Nilingoja anipigie kelele. Nilikuwa tayari, nilishajipangia hata nguo za kuhamia kwa binti yangu.

Kafunika uso kwa viganja. Kisha akauliza, "Kwa hiyo lazima niwepo?"

"Uwepo na uridhie."

"Kesho," akasema. "Kukiwa na mwanga."

Jumamosi, 8 Februari

Jua limetoka, jua la baridi, lakini jua. Abbas kaenda kuzoa theluji njiani na koleo lake. Sakina kamkalisha Raza kwenye kiti chake kirefu jikoni na sahani ya khichri mbele yake, kisha kashuka. Ni yeye aliyesema atakuwa anamwita kila nikipitisha brashi, tumsikie. Sikulifikiria hilo. Yeye ndiye mama.

Nimechanganya kahawia na nyeusi, giza lilelile la nyuma ya mtoto. Nimesema Bismillahi. Nimeanza na kidevu.

Rangi ikashika.

"Raza!" Sakina kaita, kasimama chini ya ngazi. Juu akaguna. Nikafunika mdomo. Akaita. Akaguna. Nikafunika pua.

Mashavu yalikataa. Wekundu ulipenya kwenye giza, nikaupaka, ukapenya tena. Jasho lilinitoka na besmenti ni baridi. Nikapaka mpaka ukachoka. Sakina akaita. Jibu lilikuwa dogo sana, tulilazimika kushikilia pumzi ili tulisikie.

Yakabaki macho. Mawili, kwenye giza, yananitazama mimi. Nikafunika moja. Sakina akaita na hatukuwa na hakika kama tumesikia kitu. Kaja nyuma yangu, kaweka mkono begani kwangu.

"Malizia, Mama."

Nikafunika la pili.

Akaita. Kimya. Akaita tena, na sauti ikamkatika. Nikasikia koleo la Abbas nje, na moyo wangu. Sakina alikuwa ameshakanyaga ngazi ya kwanza.

Ndipo sauti ya Raza ikatoka juu, kwa hasira, mdomo umejaa mpaka maneno hayatoki vizuri: tusubiri, anakula.

Sakina kakaa palepale kwenye ngazi. Hakulia, hakucheka. Mimi nimechukua brashi nikaenda nazo kwenye sinki, nikazisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Juu kijiko kilikuwa kinagonga sahani. Tulikaa tu tukisikiliza.